Tulivyozunguka Mipaka ya Kijiji cha Bibi

Kuna kijiji kimoja cha Uingereza ambacho nazijua njia zake zote, na sijawahi kukitia mguu. Najua daraja lake ni la mawe, jembamba, hata mkokoteni wa nyasi ukipita lazima waendao kwa miguu wajibanze ukutani. Najua nyumba iliyoungua paa siku ya harusi. Najua pia kwa nini kanisa limesimama peke yake katikati ya mashamba, mbali na watu, kama mzee aliyesusiwa na wanawe. Yote hayo niliyapata Durban, Afrika Kusini, juu kule mtaa wa Berea, nikifuta vioo vya madirisha na kumkatia bibi mmoja mkate vipande vidogo vidogo.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimetoka mteremkoni Kilimanjaro na cheti changu cha darasa la saba, na ndoto zangu zilikuwa kama robota la mitumba: nyingi, za rangi rangi, na ukizijaribu moja moja hakuna inayokukaa. Nilitaka kuwa baharia. Nilipoziona meli kwa karibu zikanitisha, nikataka kuwa mpiga picha wa meli. Kamera sikuwa nayo. Mama mmoja Mtanzania niliyekuwa nasali naye akaniambia kuna watu Berea wanatafuta kijana mpole wa kukaa na mzee. Upole nilikuwa nao, basi nikaenda.

Mwajiri wangu alikuwa binti wa yule mzee, mwanamke wa makamo aliyeishi mbali kidogo, kaskazini mwa mji, akija na gari lake mara mbili tatu kwa wiki. Alinionyesha jiko, bustani, na chumba changu cha uani, ambacho watu wa huku wanakiita khaya. Kisha akanivuta pembeni na kusema taratibu, ili Kiingereza changu kiweze kumfuata. Mama yake ameanza kusahau. Siku moja alitoka peke yake akapatikana mjini kabisa, kwenye mabasi, amevaa viatu visivyofanana. Iko nyumba ya wazee ambayo ingempokea, ila mama hataki hata kuisikia.

"Nimemwahidi atabaki kwake maadamu hakuna tukio lingine," akasema. "Kutembea naye tembea, mradi umemshika mkono. Lakini tukio moja tu, moja, na nitamhamisha. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Yule bibi alikuwa na nyumba yake mkononi mwangu, na mimi nilikuwa na kazi yangu mkononi mwake.

Upweke wa Berea una kuta ndefu zenye nyaya juu. Nyumba nzuri, miti ya maua mekundu, tumbili wanaovuka waya za simu kama wako kwao, lakini mtu wa kukuitikia salamu hakuna. Wiki ya kwanza nilisalimia kila aliyepita getini. Wengine walikaza mwendo. Ikabidi niwe nasalimia mbwa, na kwa haki ya Mungu mbwa wa pale walikuwa na adabu, walijibu wote. Jioni nilikaa mlangoni kwangu nikitazama bandari kule chini na mgongo wa kilima cha Bluff ng'ambo yake, nikila peke yangu. Kwetu kula peke yako ni jambo la mchawi.

Siku ya kwanza nilimwita yule bibi "Madam", kama nilivyosikia wengine wanavyowaita wenye nyumba zao. Aliweka kikombe chini.

"Madam alikuwa mke wa mwenye shamba kubwa kijijini kwetu," akasema. "Na hakuna aliyempenda. Kwenu mwanamke mzee kama mimi anaitwaje?"

"Bibi."

"Basi."

Ndiyo ikawa hivyo. Yeye aliniita "kijana", na siku akifurahi, "kijana mwema", kwa sauti ile ile aliyomwambia paka.

Mambo ya leo yalimponyoka. Akinywa chai, baada ya muda anauliza chai itakuja lini. Lakini kijiji alichozaliwa hakikumponyoka hata jiwe. Alikuwa na namna yake ya kukisimulia: lazima aanzie darajani. Kutoka daraja anapanda barabara nyumba kwa nyumba, nani aliishi, alifanya kazi gani, alikuwa na ugomvi na nani. Ukimkatiza, au simu ikilia, anarudi darajani na kuanza upya. Basi ilinichukua muda mrefu sana kufika juu. Nilijua habari za nyumba za chini kama sala, wakati nyumba ya mwisho, ile karibu na msitu, sikujua hata nani alikuwa ndani. Nikaanza kuchomoa waya wa simu ukutani akianza kusimulia, kisha naurudisha kimya kimya.

Hivyo ndivyo nilivyosoma historia, mimi niliyekuwa nalala kwenye kipindi cha historia. Zamani sana, akasema, nyumba zote zilikuwa zimelizunguka kanisa. Ukaja ugonjwa ukafagia watu, na waliobaki wakaziacha nyumba zile, wakajenga upya kule mtoni. Kanisa halikuweza kuhama. Tangu hapo kila Jumapili watu wanavuka mashamba kulifuata, na mvua ikinyesha wanafika na matope hadi magotini. Palikuwa na mhunzi aliyepiga viatu vya farasi, mwanawe akauza mafuta ya magari pale pale, kwenye kibanda kile kile cheusi. Na palikuwa na uwanda wa wote, ambapo kila mwenye ng'ombe alilisha bila kumwomba mtu. Akaja mwenye shamba kubwa na karatasi kutoka serikalini, akaweka ua, watu wakabaki kuyachungulia majani yao kwenye matundu.

"Kwetu pia walikuja hivyo hivyo," nikamwambia. "Na karatasi."

"Nani hao?"

"Wazungu, Bibi."

Akacheka mpaka akapaliwa, ikabidi nimpigepige mgongoni. "Kumbe walikuja kwetu kwanza kujifunza kazi!"

Nikaanza kukipenda kijiji kile. Nisiseme uongo, nilikuwa nakihitaji. Jumapili alasiri binti alipokaa na mama yake nilishuka mtaa wa Albert Park kwa rafiki yangu, kinyozi wa Kikongo aliyekuwa akinyoa watu sebuleni kwake, ghorofa ya saba. Yeye alinizidi umri, aliniita petit, mdogo wake kwa Kifaransa. Nilikaa kwenye kreti la bia nikisimulia mambo ya daraja na mhunzi, wateja wakinisikiliza kama redio.

"Petit," akaniambia siku moja, mashine ikinguruma kichwani kwa mtu, "kila dimanche, kila Jumapili, unatuletea habari ya kijiji ya wazungu. Kwenu hakuna kijiji?"

"Kipo."

"Basi leo tuambie ya kwenu. Tumechoka na ile daraja."

Nikafungua mdomo. Nikaona migomba, mfereji wa maji unaopita nyuma ya jiko letu, mama ameinama. Nikasema nina kiu, nikaenda bombani, na nilipotoka nikaendelea na habari za mhunzi. Kinyozi hakuuliza tena. Kijiji cha Bibi niliweza kukisimulia huku nacheka, na ndiyo faida niliyoiona ya kijiji cha mtu mwingine.

Siku moja ya Aprili, majani ya bustani yakianza kukauka ncha, tulifika mwisho wa barabara. Nyumba ya mwisho, karibu na msitu, ilikuwa yao. Baba yake alikuwa mtunza nyua za mashamba na mitaro, na kila mwaka, siku zile kabla ya sikukuu ya Kupaa Bwana, yeye ndiye aliyetangulia kwenye kuzunguka mipaka.

"Kuzunguka vipi?"

Hapo Bibi akakaa wima. Zamani, akaeleza, watu hawakuwa na ramani. Mpaka wa kijiji ulikaa vichwani. Basi mara moja kwa mwaka kijiji kizima kilitoka, kasisi mbele, watu na fimbo mikononi, wakaufuata mpaka wote: mtoni, ukingoni mwa msitu, kwenye jiwe, kwenye mti fulani. Kila walipofika kwenye alama waliipiga kwa fimbo. Kisha walimkamata mtoto wa kiume, wakamgongesha makalio kwenye lile jiwe, au wakamtumbukiza mtoni kichwa chini, au wakamcharaza kidogo. Baadaye alipewa andazi.

"Kwa kosa gani, Bibi?"

"Hakuna kosa. Ili asisahau. Wakubwa watakufa, yeye atabaki anajua: mpaka unapita hapa, maana hapa ndipo niliumia."

Akanieleza kuwa zamani kijiji jirani kiliwahi kudai shamba la bondeni. Kesi ikaenda mbele ya hakimu, na wenye karatasi wakashindwa. Aliyeshinda ni mzee mmoja kijijini kwao, hana meno, aliyesimama akasema yeye anajua mpaka ni kile kijito, kwa kuwa akiwa mtoto alikunywa nusu yake, miguu ikiwa juu.

Nikamwambia kwetu mipaka tunaiotesha. Tunapanda masale, mmea wa majani marefu, na haukatwi ovyo. Na ukimkosea mtu, unachukua jani la isale, unalifunga fundo, unampelekea kwa mikono miwili. Akishalipokea hasira imekwisha, kulikataa ni mwiko. Nikamwonyesha mmea kama ule pale pale bustanini kwake, nyuma ya tangi, mrefu kuliko mimi. Mwenye nyumba wa zamani alikuwa ameupanda kama urembo.

"Miaka yote hii ninaishi na mpaka wako na sijui," akasema. Akalishika jani moja. "Kijana, kwetu hawazunguki tena. Shule imefungwa, nyumba zimenunuliwa na watu wa mjini wanaokuja kulala Jumamosi. Aliyegongeshwa wa mwisho kama yuko hai ni mzee kama mimi. Tuzunguke sisi."

"Wapi?"

"Hapa. Naweza kuupima mpaka wetu hapa."

Kweli akaupima. Kwa siku kadhaa tulipotembea mtaani alikuwa akinionyesha: kona yenye robot, yaani taa za magari, ndipo kinu cha maji. Ukuta wa shule ndio ukingo wa msitu. Mteremko unaoelekea mjini ndio kijito. Aliyajua yote mawili kwa wakati mmoja, robot na kinu, na gari lilipokuja ni yeye aliyenivuta nyuma.

Siku yenyewe nikakata fimbo mbili za mpera. Fimbo ya mpera naijua tangu shule, hatukuachana vizuri. Nikakaanga maandazi, nikayaweka kwenye kikapu, tukatoka nimemshika mkono kama nilivyoagizwa. Bibi amevaa kofia ya majani na viatu vinavyofanana, nilihakikisha.

Kwenye robot akapiga mlingoti kwa fimbo. Kisha akanigeukia.

"Geuka."

"Bibi, kwani lazima?"

"Usipoumia utakumbukaje?"

Nikageuka, akanichapa makalioni kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo. Mama wawili wa Kizulu, wafanyakazi wa majumbani, walikuwa wanangoja kuvuka. Mmoja akashika mdomo, akamwita Bibi kwa Kizulu, gogo, yaani nyanya.

"Hawu, gogo! Amekukosea nini huyu?"

"Hajakosea," nikajibu mimi. "Ni mila zao."

"Mila zao tunazijua!" akasema yule mwingine, na wote wawili wakaangua kicheko, wakavuka wakishikana. Hata mimi nilicheka. Nilikuwa sijacheka na watu wa mtaa ule tangu nifike. Nikawapungia andazi, mmoja akarudi kulichukua.

Tukaenda hivyo, ukuta wa shule, kituo cha basi, mti wa jakaranda, nikichapwa na kula andazi, kuchapwa na kula andazi. Rangi ilimpanda Bibi usoni. Tulipofika kona ya mwisho, kwenye jiwe kubwa lililopakwa chokaa nje ya nyumba moja yenye geti refu, akasimama asipige.

"Mimi hawakunigongesha hata mara moja," akasema. "Nilikuwa msichana. Kila mwaka nilifuata nyuma na kikapu cha maandazi, baba yangu ametangulia, na niliumia kwa wivu. Hapa palikuwa jiwe la mwisho, karibu na kwetu. Nigongeshe."

"Bibi, wewe utavunjika."

"Taratibu basi. Lakini uniinue kweli. Miguu iache ardhi."

Nikaweka kikapu chini. Nikapitisha mkono mmoja mgongoni, mwingine chini ya magoti, nikamwinua. Alikuwa mwepesi kama tenga tupu. Nikainama taratibu mpaka akaligusa jiwe, puu, nikamwinua tena. Bibi akapiga ukelele, ule ukelele wa mtoto anayerushwa juu na baba yake, mrefu, wa furaha tupu.

Sijui nani aliusikia na aliona nini dirishani. Hapana, najua alichoona. Kijana mweusi, bibi wa kizungu mikononi anapiga kelele, kofia imeanguka barabarani. Miaka ile Berea kila ukuta ulikuwa na kibao cha kampuni ya ulinzi. Nilikuwa namketisha kwenye jiwe apumue wakati gari lilipopanda juu ya nyasi.

"Hey wena! Mwachie gogo! Lala chini!"

Alikuwa askari wa ulinzi, kijana kama mimi, mkono uko kwenye bastola. Nikalala. Nilihisi goti lake mgongoni na sisimizi shavuni.

"Tunazunguka kijiji!" nikamwambia.

"Kijiji gani? Hapa ni Berea!"

Ndipo fimbo ya mpera ilipomwangukia begani. Bibi alikuwa amesimama. Akampiga tena, mgongoni, huku akisema mwache, mwache huyo ni wangu. Na yule askari, mwenye bastola na redio, akajikunyata vile mtu anavyojikunyata kwa bibi yake. "Eish, gogo, hapana! Gogo, tafadhali!" Goti likaondoka. Kama mambo yangeishia hapo ingekuwa hadithi ya kuchekesha, na kinyozi wangu angeisimulia mpaka leo.

Lakini askari akamkalisha vizuri, akachuchumaa mbele yake, akauliza kwa heshima: "Gogo, unaishi wapi?"

Bibi alikuwa anahema. Akanyoosha fimbo kuelekea juu ya mtaa. "Nyumba ya mwisho," akasema. "Kabla ya msitu. Baba yangu anatungoja."

Askari akanitazama. Usoni mwake hamkuwa na hasira tena, ilikuwa huruma, na mimi ile huruma iliniogopesha kuliko bastola. Akasimama, akaniomba namba ya simu ya binti yake, akaenda kwenye redio.

Binti alifika bado tumekaa pale pale. Alimkumbatia mama yake, akamkagua mikono, magoti. Akamshukuru askari. Mimi akanipa kitambaa nifute shavu. Nyumbani, Bibi alipolala mchana ule, binti alinikuta jikoni nikiosha kikapu kisicho na uchafu.

"Niambie kweli," akasema. "Alipotaja ile nyumba, alijua yuko wapi?"

Nikatafuta Kiingereza cha kumjibu, nikakosa, nikaendelea kutafuta. Mimi nilijua bado tulikuwa matembezini, mzunguko haujaisha, na mtu aliye kwenye mzunguko akiulizwa kwao anataja kwao. Nilijua pia kuwa baba yake hangoji popote.

"Alijua kote kuwili," nikasema.

"Mtu hawezi kuwa kote kuwili."

Mimi niliyekuwa jikoni kwake nikisikia maji ya bomba kama mfereji wa nyuma ya jiko letu, ningembishia vipi?

"Tuliahidiana," akasema, akiutazama mlango wa chumba cha mama yake. "Tukio moja."

Alipotoka kwenda kukaa sebuleni nilizunguka nyuma ya tangi. Nikachagua jani la isale lisilo na doa, nikalifunga fundo, nikalifuta vumbi kwa shati. Nikaingia, nikapiga goti mbele yake, nikampa kwa mikono miwili. Kwetu wanaume wakubwa, waliokuwa wameshika mapanga, wamepewa jani lile wakakaa chini wakalia. Binti alilipokea. Aliligeuza upande huu na huu.

"Mmea umepata ugonjwa?" akauliza.

Nikaeleza. Nilieleza vibaya, mikono ikisema zaidi ya mdomo, lakini nilieleza mpaka mwisho: kwamba ukilipokea huwezi tena kushikilia hasira, kwamba namwombea Bibi, abaki. Alinisikiliza bila kunikatiza. Halafu machozi yakamtoka, taratibu, nikadhani limefanya kazi.

"Lakini mimi sina hasira na wewe," akasema. "Sina hasira na mama. Ninaogopa tu. Kila simu ikilia naogopa."

Isale ni dawa ya hasira. Ya woga sikuwa nayo, na nadhani hata kwetu haijaoteshwa. Alilishika lile jani mapajani muda wote tuliokaa pale, hakuliacha, na uamuzi wake haukubadilika.

Bibi alipoambiwa hakugombana kama tulivyotarajia. Aliuliza mimi nitakaa wapi. Akaambiwa nitabaki kuiangalia nyumba mpaka ipate mnunuzi. Akasema ni vizuri, paka atahitaji mtu. Siku ya kuondoka nilibeba sanduku lake mpaka garini, akaniruhusu nimfunge mkanda. Nilitaka kumwambia neno, lakini Kiingereza changu chote kilikuwa cha madirisha na mkate na kijiji. Gari likateremka. Nikafunga geti, nikasimama uani. Kabla ya hapo nilikuwa nadhani nyumba ile ina kimya. Kumbe kimya chenyewe nilikuwa sijakisikia.

Jumapili hiyo nilishuka Albert Park. Kinyozi alipomaliza kichwa cha mwisho alifunga mlango, akanisogezea sahani ya sombe, kisamvu cha kwao, na ugali.

"Kula, petit. Tutakula pamoja."

"Hutaki habari za kijiji leo?"

"Leo kula."

Nilingoja kidogo kabla ya kwenda kumwona Bibi, maana binti alisema apewe nafasi ya kuzoea. Nyumba ya wazee ilikuwa safi, ina zulia la kijani na harufu ya supu. Walikuwa wamekaa mstari dirishani, wazee kwa mabibi, kila mmoja na blanketi mapajani, hakuna anayeongea na mwenzake. Nikafikiri, kumbe hata hapa watu wanakula peke yao wakiwa wengi. Bibi alikuwa wa mwisho. Nikaenda mbele yake nikainama.

"Shikamoo, Bibi." Nilikuwa nimemfundisha kuitikia.

Aliangalia uso, akaangalia mikono. Hakuitikia. Jina langu halikumjia, niliona analitafuta na halipo, na wala "kijana" halikuja. Kisha akamgeukia babu aliyekaa kando yake, mwenye kifaa cha kusikilizia sikioni.

"Huyu," akamwambia, "ni wa kijijini kwetu."

Babu akanikagua kutoka juu mpaka chini, huu weusi wangu wote. "Kweli? Upande gani?"

"Wa juu. Nyuma ya kwa mhunzi. Muulize."

Babu akavuta kiti. Bibi wa upande wa pili naye akageuza kichwa. Nikaona nyuso tatu zinaningoja, na yule babu, kwa adabu kabisa, akauliza: "Na huko mambo yakoje?"

Mtu aliyetoka nyumbani akiulizwa hivyo kwetu hajibu "salama" akaishia hapo. Wenyeji wamengoja. Nikakaa zuliani, nikakunja miguu, nikaanza kutunga.

"Mvua zimenyesha vizuri," nikasema. "Hazikuharibu. Yule ng'ombe mweupe wa mjane wa bondeni amezaa."

Bibi akainama mbele, macho yamefunguka. "Jike au dume?"

"Jike."

"Ah." Akajiegemeza. "Yule mjane alikuwa anahitaji jike."

"Mama mwenyewe anaendeleaje?" akauliza yule bibi mwingine, asiyemjua mjane wala bonde.

"Miguu inamsumbua asubuhi. Lakini anatoka nje, anaota jua."

Wakatikisa vichwa wote watatu, wakaridhika. Tukaendelea hivyo mpaka muuguzi akaja na toroli la chai na kuniambia muda wa wageni umekwisha. Bibi hakuniaga. Alikuwa anamweleza babu jinsi ndama wa kwanza anavyotakiwa kunyonya, na babu alikuwa anambishia.

Nilirudi Berea kwa miguu, ni mbali, lakini sikuwa na wa kumuwahi. Getini kulikuwa na kibao cha kuuza nyumba. Wiki nzima sikuongea na mtu isipokuwa paka. Nilifagia majani, nilifuta vioo ambavyo hakuna aliyechungulia, na kila nilipoinua kichwa nilijikuta nikiwaza kama yule ndama ameanza kuhara, na kama Jumapili niwaambie au nisiwatie wasiwasi.